Tulivyoomba ruzuku ya msewe Pemba

Tangu kikundi chetu kipate ruzuku, simu zinazonijia ni za namna moja. Mtu anasalimia, anauliza hali za nyumbani, kisha anatua kwenye lake: "Nitumie lile andiko lenu, mie nitabadilisha jina tu." Huwa natuma, sina choyo. Lakini waliolichukua wengi hawajapata kitu, wala sishangai. Andiko ndilo lililotuchukulia muda mfupi kuliko yote. Kilichotutoa jasho ni yaliyolitangulia, na zaidi yaliyokuja baada ya barua ya hongera. Hayo ndiyo nitakayoyaeleza, pamoja na pesa zilizotutoka mifukoni, maana hilo watu hulinyamazia.

Kikundi chetu kiko kaskazini ya Pemba na tunacheza msewe, ngoma ya asili ya huku kwetu. Wazee wanaojua nyimbo zote, mwanzo hadi mwisho, walikuwa wanapungua, na vijana waliobaki walikuwa wanajua viitikio tu. Tukapanga kitu kidogo: wazee wasomeshe vijana, nyimbo zirikodiwe, ngoma zilizotoboka ziwambwe upya na misewe, zile njuga za miguuni, itengenezwe mipya. Mimi ni katibu, kazi niliyotwishwa kwa sababu nilisomesha skuli na nina kompyuta. Kompyuta hasa.

Kwanza tulitafuta nyumbani, na hapa kuna jambo wengi hawalijui hadi limewagharimu. Utamaduni si jambo la Muungano. Bara wana wizara yao na baraza lao la sanaa, BASATA. Sisi tuna wizara yetu na baraza letu, BASSFU. Kwa hiyo ukiona tangazo la fedha za sanaa lenye neno "Tanzania", usirukie kujaza. Uliza kwanza kama linavuka bahari, na kama cheti chako cha Visiwani kinatosha. Piga simu, usitume ujumbe. Tulichokikuta zaidi kwenye milango ya nyumbani ni mikopo, tena ya masharti mazuri, lakini mkopo unarejeshwa, na ngoma ya asili inayochezwa harusini na kwenye sherehe za Mapinduzi hairejeshi mkopo. Vikundi vya ushoni na ususi vinaweza. Sisi tuliona tusijidanganye.

Baadaye mjomba wangu mmoja, ambaye kila jambo analisikia redioni, akaniambia niende UNESCO. Nikasoma sana. Watu huchanganya mifuko miwili ya shirika hilo, na tofauti yake ni kubwa. Uko mfuko wa Mkataba wa 2003, ule wa urithi usioshikika: ngoma, nyimbo, ufundi wa mikono. Ukitazama jina lake utasema huu ndio wetu. Lakini anayeomba pale ni Serikali iliyoridhia mkataba, kikundi hakiombi chenyewe. Kazi yako inakuwa ni kuishawishi wizara ibebe ombi lako. Wa pili ni Mfuko wa Kimataifa wa Uanuwai wa Utamaduni, ulio chini ya Mkataba wa 2005. Huu taasisi za kiraia huomba wenyewe, kwa Kiingereza au Kifaransa, kiwango cha juu ni dola 100,000, na Tume ya Taifa ya UNESCO huchuja kwanza kabla maombi hayajafika Paris. Tanzania iliridhia mikataba yote miwili mwaka 2011. Kwa mfuko huu wa pili, mradi wa kuandaa tamasha tu au kurikodi albamu tu haupiti. Wanataka kitu kitakachobadilisha namna wasanii wanavyoishi kwa kazi yao. Kikundi kama chetu, ambacho hakijawahi kushika hata milioni tano kwa mkupuo, kingeombaje dola laki moja? Tukauacha.

Tukaangukia kwenye balozi. Balozi kadhaa za nje zilizoko Dar es Salaam hutoa ruzuku ndogo ndogo za utamaduni, kutoka kwenye fedha za umma za nchi zao. Moja ilikuwa imetangaza, na kiwango chake kilitulingana.

Tangazo lilitupa wiki chache. Hapo ndipo tulipogundua kuwa hatuna karatasi. Tulikuwa na usajili wa BASSFU kama kikundi cha sanaa, na kwa kucheza ulitosha kabisa. Mfadhili alitaka jumuiya iliyosajiliwa kwa Mrajis wa Jumuiya, yenye katiba, yenye akaunti ya benki kwa jina lake, na hesabu za mwaka uliopita. Hesabu zetu zilikuwa kwenye daftari la mshika fedha, na nusu ya daftari ilikuwa mashairi yake. Muda ukapita, tangazo likafungwa, tukabaki tunatazamana.

Kwa hiyo kama unasoma haya na hakuna tangazo lolote mbele yako, huu ndio wakati wako. Kaeni kikao, andikeni katiba (ombeni nakala kwa jumuiya iliyokwisha kusajiliwa, si dhambi), wekeni muhtasari wenye saini, pateni barua ya sheha, pelekeni kwa Mrajis. Fungueni akaunti, na muingize chochote kila mwezi, hata elfu ishirini ya michango, ili taarifa ya benki ionyeshe uhai. Jina liandikwe sawasawa kila mahali. Letu lilikuwa na neno "Kikundi cha" kwenye cheti kimoja na halina kwenye kingine, na herufi hizo zilitupeleka Chake Chake na kuturudisha mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Nauli, kuchapa, kutoa nakala, ada, picha ndogo za viongozi, kuvuka kwenda Unguja: zilitutoka zaidi ya laki saba kabla hatujaona senti ya mtu. Zilitoka kwa wanachama wenyewe. Mwenzetu mmoja aliuza pishi za karafuu alizokuwa amezihifadhi kwa ajili ya ada ya mwanawe.

Kwa wanaotazama fedha za Serikali ya Marekani, yako ya ziada. Taasisi hujisajili kwenye mfumo wao wa SAM.gov ili ipate namba ya utambulisho iitwayo UEI, ambayo tangu Aprili 2022 ndiyo inayotumika badala ya DUNS ya zamani. Namba ni bure. Anayekudai dola kwa kazi hiyo anakula pesa yako. Usajili kamili huhuishwa kila mwaka, na anwani ya mahali taasisi ilipo haiwi S.L.P.; wanataka mahali penyewe. Huku kwetu, ambako anwani ni "nyuma ya msikiti, kabla ya mwembe," kaa na sheha wako mapema mwandikiane barua inayotaja nyumba, mtaa na shehia, na iwe na tafsiri ya Kiingereza.

Tangazo lilipotoka tena tulikuwa tayari. Andiko nikampa mpwa wangu aliyekuwa anasoma chuo. Aliandika Kiingereza cha kupendeza. Kila sentensi ilikuwa "kuimarisha", "kuwezesha", "kuleta mabadiliko endelevu". Nilimsomea babu wetu wa ngoma kwa Kiswahili, naye akasikiliza mpaka mwisho, akatabasamu.

"Mwanangu, hawa wanaotaka kutupa pesa, ngoma yetu wameiona?"

"Hawajaiona, babu."

"Basi hapo ulipoandika, iko wapi?"

Nilirudi nyumbani nikafuta karibu kila kitu. Nikaandika ni nyimbo zipi, zinaimbwa wakati gani, ni wazee wangapi wanazijua na wana umri gani, vijana watatoka skuli zipi, watakutana wapi na siku zipi. Nilipoandika kwamba wimbo mmoja unajulikana na mzee mmoja tu, na mzee huyo anaugua, nilisita, niliona kama namtangaza. Nikaenda kumwomba ruhusa. Akasema andika, ila usiandike maradhi yenyewe.

Tukakataliwa. Barua ilikuwa ya mistari mitatu, ya adabu, haisemi kitu. Katika kikao chetu wapo waliosema wazi kwamba fedha hizi zina wenyewe na sisi wa mashamba tunasindikiza. Sikuwa na jibu zuri. Niliwaambia tu kwamba hata tamasha la Sauti za Busara, linalojulikana dunia nzima, mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha, na chuo cha muziki cha DCMA pale Unguja mwaka 2019 kilikuwa kinatangaza hadharani kwamba huenda kikafunga milango. Kama wakubwa hao wanapwelewa, sisi tusione tumeonewa. Maneno hayo yaliwatuliza kidogo. Mimi mwenyewe sikulala vizuri wiki nzima.

Jambo lililotusaidia ni barua pepe moja. Niliwaandikia kwa heshima, sikulalamika, nikauliza kama wanaweza kutuambia ni wapi palipopwaya ili tujirekebishe. Walijibu! Walisema wazo ni zuri, lakini bajeti haiendani na kazi iliyoelezwa, na hawaoni ni nani atakayesimamia hesabu. Watu wengi wakikataliwa hununa wakanyamaza. Ulizeni. Anayekaa upande wa pili ni mfanyakazi kama wengine, na mara nyingi anataka kusaidia ila hakuombwa.

Basi nikae kidogo kwenye bajeti, maana hapo ndipo penye maji mengi.

Bajeti yetu ya kwanza ilikuwa na mistari sita mikubwa: "mafunzo", "vifaa", "usafiri" na kadhalika, kila mmoja na mamilioni yake. Ya pili ilishuka chini hadi kwenye ngozi. Ngozi ya ng'ombe ya kuwambia, bei yake na ni ngapi, mafundi, nauli ya gari ya abiria ya kijana kutoka kwao hadi uwanja wa mazoezi, kwenda na kurudi, chai na mihogo ya wazee siku za mafunzo, betri za kinasa sauti. Kila kitu kiasi mara bei. Mfadhili akiona umejua bei ya chai ya wazee wenu anaamini kwamba umeshakaa nao.

Kukatokea suala la nukuu. Kwa kitu chochote kinachozidi kiwango fulani, mkataba ulitaka nukuu za bei tatu kutoka kwa wauzaji watatu. Fundi wa ngoma tunayemwamini ni mmoja, anakaa kijiji cha jirani, na bei anaitaja kwa mdomo akiwa anakuna kichwa. Kuna aliyeshauri tutengeneze nukuu mbili za uongo, "kila mtu hufanya hivyo". Msifanye. Tuliandika ukurasa mmoja unaoeleza kwa nini ni yeye peke yake, tukaambatisha picha ya kazi zake na barua ya sheha, tukaomba kibali kabla ya kumlipa. Kibali kilikuja. Mifuko ya umma ina mlango wa jambo kama hilo, lakini hufunguliwa mapema, si baada ya pesa kutumika.

La wazee lilikuwa zito kuliko ngozi. Kwenye fomu kulikuwa na mstari wa "mwezeshaji", kiwango cha siku. Babu alipoambiwa atie saini kwenye posho ya mwezeshaji, aliona kama anauza alichopewa na baba yake. Mzee mwengine, kinyume chake, alitaka kujua kwa nini anapewa sawa na yule ambaye anajua nyimbo nusu yake. Vikao viliumana. Mwishowe tukakubaliana kiwango kimoja kwa wote, kikaandikwa kuwa ni asante ya muda wao, na babu akapokea kwa mkono wa mjukuu wake. Mtu wa ubalozini haoni mambo haya na hayaingii kwenye ripoti, ila yanaweza kuvunja kikundi. Zungumzeni viwango kabla ya kuomba, wakati pesa bado haipo na hakuna wa kuigombania.

Tangazo la tatu tukapata. Kiasi kilikuwa kidogo kuliko tulichoomba, na mradi wa miezi minane. Alhamdulillahi. Watu walipiga vigelegele, mimi nikapata homa.

Pesa iliingia ikakaa benki, hatuwezi kuigusa. Watia saini wetu walikuwa watatu na lazima wote wawepo; mmoja wao, mshika fedha wetu wa mashairi, alikuwa ameshaondoka kwenda Muscat kutafuta riziki. Kubadilisha mtia saini kulihitaji kikao, muhtasari, barua, vitambulisho, na subira ya benki, wakati saa ya mkataba inahesabu. Toka hapo tuna utaratibu: watia saini wanne, wawili kati yao wanatosha, mmoja lazima awe mwanamke anayekaa kijijini. Wanaume wetu husafiri.

Tena pesa haiji yote. Mkupuo wa kwanza huja baada ya mkataba, wa pili baada ya ripoti ya kati, na kwetu asilimia 20 ilibaki hadi ripoti ya mwisho ikubaliwe. Maana yake sehemu ya mwisho ya kazi mnaifanya kwa pesa yenu, kisha mnasubiri. Hilo lilikuwa limeandikwa kwenye mkataba waziwazi, kwa herufi za kawaida kabisa. Ikabidi mwenye duka atupe vitu kwa mkopo, na wakati huo shilingi na dola zikapishana tukapoteza kidogo. Anayeomba leo aulize mambo mawili: mikupuo mingapi, na kwa sarafu gani.

Ratiba nayo ilitupiga chenga. Nilikuwa nimeweka mafunzo yafuatane wiki kwa wiki, kama muhula wa skuli. Karafuu zikaiva. Pemba karafuu zikiiva hakuna mazoezi ya ngoma. Vijana wako juu ya mikarafuu, kina mama wanachambua, barabara nzima imeanikwa majamvi. Kabla ya hapo tulikuwa tumeshapoteza mwezi wa Ramadhani, ambao ngoma haipigwi. Tuliandika kuomba kusogeza tarehe, na tukakubaliwa kwa sababu tuliandika kabla ya kuchelewa. Andikeni misimu yenu ndani ya andiko lenyewe. Mtu wa Ulaya haijui karafuu, lakini ukimwambia anaelewa.

Risiti ni jambo la kila siku. Dukani mjini utapewa risiti ya mashine, chukua, piga picha papo hapo kwa sababu wino wake hufutika ndani ya miezi michache. Huku chini, anayekuuzia mihogo na mwenye ngarawa aliyewavusha vijana hawana risiti. Tulichapa hati zetu za malipo: tarehe, kazi, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, jina, namba ya ZanID (kitambulisho cha Mzanzibari), namba ya simu, saini au dole gumba. Tulimwonyesha mfadhili karatasi hiyo mwanzoni, akaikubali kwa maandishi. Bila ya hilo, mkaguzi angekata nusu ya matumizi yetu.

Na kijiji kilikuwa kinanitazama. Mwaka ule nilibadilisha mabati ya jikoni, pesa za mavuno yangu mwenyewe, ikasemwa msewe ndio ulioezeka. Dawa tuliyoipata ni kubandika matumizi ya kila mwezi maskani, kwenye ukuta ambao watu hucheza bao chini yake. Siku za mwanzo walisoma kama wanasoma barua ya mkopo, kidole juu ya kila mstari. Baadaye wakawa wanasahihisha: "Mihogo siku ile ilikuwa elfu tatu, si nne." Na walikuwa kweli.

Kwenye rikodi tulijifunza kitu kimoja ambacho ningekiweka mbele kama ningeanza upya. Mkataba ulimpa mfadhili haki ya kutumia picha na sauti kwa matangazo yake. Ni jambo la kawaida, lakini wazee hawakuwa wameelezwa hivyo. Tulirudi kwa kila mmoja na fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, tukisoma kwa sauti, na wimbo mmoja ukatolewa kwa sababu wenyewe walisema si wa kusikilizwa na kila mtu. Rikodi zilizobaki ni mali ya kikundi, imeandikwa hivyo, na tumeanza kuzungumza na COSOZA, wasimamizi wa hakimiliki Zanzibar, kuhusu namna ya kuzilinda.

Asilimia 20 iliyobaki ilikuja baada ya miezi kadhaa na maswali mengi kuhusu hati moja ya mafuta ya gari. Mwenye duka amelipwa. Vijana kumi na wanane waliobaki hadi mwisho wanacheza sasa harusini na wanalipwa, na wawili wao wanaweza kuongoza wimbo bila kumtazama babu. Yule mzee aliyekuwa anaugua tulimrikodi mapema, kitandani kwake, kwa kinasa cha kuazima, kabla ya pesa yoyote kuingia. Amefariki. Nyimbo zake tunazo.

Kuna tangazo jipya limetoka wiki iliyopita na watu wamenitumia kutoka kila upande. Nimelisoma lote. Linataka mradi wa mwaka mzima, kikundi kichangie asilimia 30, na ripoti ya ukaguzi ya mkaguzi aliyesajiliwa, ambaye ada yake hawailipi. Tumekaa kikao, tumelijadili kwa utulivu, tumeamua mwaka huu hatuombi.